Mwingajini Kando ya Barabara

Matembezi yetu ya kwanza ya kujifunza miti ya dawa hayakuanzia msituni. Yalianzia Konde, pembeni mwa barabara, mahali gari zinapogeuzia, karibu na lundo la makumbi ya nazi na mifuko ya plastiki. Tulikuwa wanafunzi wanne na mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Babu tu, kama tulivyomwita sote. Sisi tulivaa viatu vya kupandia milima, tumebeba chupa za maji, simu zilizojaa chaji na madaftari mapya. Yeye alivaa shati jeupe lililopauka, kikoi, kofia na makubadhi. Mkononi alikuwa na fimbo. Nilidhani tunasubiri gari ya kutupeleka Ngezi. Kumbe darasa lilikuwa limeshaanza.

"Hichi chaitwaje?"

Alikuwa ameinama mbele ya kichaka kilichomfika kiunoni, chenye maua ya manjano na maganda membamba yaliyopinda kidogo kuelekea juu. Alilifikicha jani moja, harufu yake mbaya ikatufikia hata sisi tuliosimama nyuma.

"Mwingajini, Babu," nikasema haraka. Nilikuwa nimelisoma jina hilo mara nyingi.

"Ahsante. Jina walijua," akasema, akaendelea na safari yake.

Nikaandika. Tasnifu yangu ya shahada ya uzamili ilikuwa juu ya historia ya miti ya dawa Pemba wakati wa ukoloni, na daftari langu lilikuwa na jedwali la safu nne: jina la Kipemba, jina la Kilatini, sehemu inayotumika, ugonjwa unaotibiwa. Nilikuwa na hakika kwamba siku ile ningejaza kurasa nyingi.

Mwingajini ni jina linalojieleza. Kuwinga ni kufukuza, kama watoto wanavyowinga ndege shambani mpunga unapoiva. Mmea huu, basi, huwinga majini. Jina la namna hiyo linanukia ukale. Ukilisikia unaona mababu wa mababu, moto wa usiku, ngoma, na mganga aliyerithi mkoba kwa baba yake. Nilipoliandika kwenye pendekezo langu la utafiti nililitaja kama mfano wa elimu ya asili ya kisiwa, iliyokuwapo kabla ya mgeni yeyote.

Nilikosea. Mwingajini, ambao wanabotania wanauita Senna occidentalis, asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Haukuweza kufika huku kabla ya mwaka 1492, Columbus alipovuka Atlantiki. Wareno walionekana mwambao wetu kwa mara ya kwanza mwaka 1498, na mmea huu ulikuja baada yao, ndani ya shehena au udongo wa meli, au kwenye mfuko wa mtu aliyeutaka. Ukaota kando ya njia, kama magugu yanavyoota. Mtu akauokota, akaunusa, akaujaribu. Wakaupa jina la Kiswahili na kazi ya Kiswahili, hata ikasahaulika kwamba uliwahi kuwa mgeni.

Kutoka Konde hadi lango la msitu wa Ngezi ni kilomita chache tu, lakini tulichukua zaidi ya saa mbili, kwa sababu Babu alisimama kila mara. Alituonyesha mpera, ambao majani yake machanga kila nyumba ya Pemba huyajua kwa tumbo la kuendesha. Alituonyesha mziwaziwa, kile kimmea kinachotambaa chini na kutoa utomvu mweupe, na mbono uliopandwa kuwa ua. Kisha mwarobaini, mlonge na mnyonyo. Mimea saba. Baadaye nilipokaa nayo maktabani nikahesabu: minne ya kwanza, ukiwamo mwingajini, ni ya bara la Amerika. Mwarobaini na mlonge ni ya Bara Hindi. Mnyonyo peke yake ndio wa bara letu la Afrika.

Jambo hili lilinisumbua siku nyingi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta Pemba isiyoguswa, nikakuta bahari. Halafu nikajiuliza kwa nini nilitegemea jingine. Kisiwa hiki kimekaa kwenye njia ya meli kwa zaidi ya miaka elfu moja. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyepita huku mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika habari za kisiwa cha Qanbalu, na wanahistoria wengi wanaona kwamba alikuwa akisema juu ya Pemba. Wanaakiolojia waliochimba Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa kisiwa, si mbali na njia tuliyopita, waliokota punje zilizoungua katika majaa ya kale. Tumbe, mji wa karne za 7 hadi 10, watu walikula zaidi mawele, nafaka ya Afrika. Chwaka, mji uliofuatia kuanzia karne ya 11, mpunga wa Asia ukashika nafasi. Wali, ambao leo Mpemba haamini kwamba ameshiba bila huo, nao ulikuja kwa chombo.

Na mkarafuu vilevile. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja huku mingi ya Pemba ikibaki imesimama, kisiwa chetu kikawa ndicho shamba kuu la karafuu. Msitu ukakatwa kilima baada ya kilima. Waliolima walikuwa watu waliotekwa bara wakaletwa kwa majahazi, na utumwa haukuondolewa uhalali wake kisheria hapa hadi mwaka 1897. Mtu aliyetolewa kwao mikono mitupu alibaki na kile tu alichokuwa nacho kichwani. Nafikiri mara nyingi juu ya mwanamke aliyefika hapa kutoka pande za Nyasa, mtoto wake ana homa, na mti anaoujua haupo. Lazima alitembea kando ya njia akinusa majani ya watu wengine. Wapo waliotembea hivi kabla yetu, bila daftari.

*

Ngezi umebaki kwa sababu mikarafuu haikuutaka. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mchanga usio na rutuba. Ukipita lango, joto linashuka ghafla na sauti za pikipiki zinakatika. Kuna mivule mikubwa ambayo huwezi kuikumbatia watu watatu. Kuna mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni ambao kwa asili hauoti popote duniani isipokuwa Pemba. Nilitegemea kwamba hapa sasa Babu ataanza kusema. Kumbe ndipo aliponyamaza.

Alitembea mbele yetu kimya, akigusa mti huu na ule kwa fimbo. Nilimwuliza jina la mmoja, akanijibu. Nikamwuliza unatibu nini, akasema, "Huu si wako." Nikauliza wa pili. "Huu hata miye si wangu."

Mwenzetu mmoja akacheka. Mimi nilikasirika kidogo, lazima nikiri. Tulikuwa tumelipia matembezi, tuna barua za chuo, na msitu huu ni hifadhi ya umma. Nikadhani ananificha kama waganga wanavyosemwa kwamba wanaficha.

Kisha akatusimamisha mbele ya mti uliokauka ukiwa umesimama. Ganda lake lilikuwa limebanduliwa kuzunguka shina lote, mzingo mzima, kwa kimo cha kifua. Hatua chache mbele palikuwa na mwingine wa aina ile ile, mzima, wenye makovu mawili ya zamani, moja upande wa mawio na moja upande wa machweo, yaliyofunikwa na ganda jipya.

"Hawa wote walikuja kutafuta dawa," akasema. "Huyu wa kwanza aliambiwa jina la mti. Huyu wa pili alifunzwa."

Hakueleza zaidi. Mti ukibanduliwa mzingo mzima hukatika njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi, ukafa polepole. Hilo nililisoma darasani. Lakini hapakuwa na safu katika jedwali langu ya kuandika upande wa kukata, wala kiasi cha kuacha.

*

Miezi miwili kabla ya safari hii nilikuwa Unguja, katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikisoma yale ambayo watu wa nje waliandika juu ya dawa za Pemba. Yako mengi, na ukiyapanga mezani yanajigawa yenyewe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la uchawi. Mwaka 1931 vilitoka vitabu viwili London. Kimoja ni cha W. H. Ingrams, ofisa wa kikoloni aliyewahi kufanya kazi hapa visiwani, juu ya historia ya Zanzibar na watu wake, na ndani yake alitenga kurasa nyingi kwa mambo ya uganga na uchawi. Kingine ni Remote People cha Evelyn Waugh, mwandishi wa riwaya aliyepita Pemba kwa muda mfupi tu. Waugh aliwaambia wasomaji wake kwamba kisiwa hiki ni chuo cha uchawi cha Afrika Mashariki, na kwamba yasemekana wanafunzi hutoka mbali hadi Haiti kuja kusoma hapa. Sina haja ya kueleza sifa hiyo imefika wapi. Mpemba yeyote aliyesoma bara ameshaulizwa bwenini, kwa mzaha nusu na kwa hofu nusu, kama anaweza kuruka na ungo.

Fungu la pili ni la mimea. Mwaka 1949 serikali ya Zanzibar ilitoa kitabu kinene cha R. O. Williams juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Williams alikuwa bwana wa kilimo aliyetokea Trinidad, ambako alishaandika kitabu kama hicho. Ni kazi safi. Nimekitumia kila wiki na nitaendelea kukitumia. Mimea imepangwa kwa majina, ya Kilatini na ya wenyeji, na matumizi yake. Ukikisoma, huwezi kudhani kwamba kisiwa hiki kina mchawi hata mmoja.

Wala kwamba kina mtu. Hilo ndilo lililonigonga nilipokuwa nimesimama mbele ya mti uliokauka. Katika fungu la kwanza kuna watu bila mimea: waganga wa kuogopesha, usiku, vifo. Katika fungu la pili kuna mimea bila watu: majani, mizizi, maganda, kila kimoja na ugonjwa wake, kana kwamba jani hujichuma lenyewe na kujua lenyewe limwendee nani. Mtu mmoja aliyekuwa akiishi katika kijiji kimoja, aliyejua jani gani, saa ngapi, kwa nani, na nani asipewe, alikatwa vipande viwili. Elimu yake ikawekwa kwenye rafu ya kilimo, yeye mwenyewe akawekwa kwenye rafu ya uchawi. Na mimi nilikuja Ngezi na jedwali la safu nne kuendeleza kazi ile ile.

*

Tulipumzika mchana nyumbani kwa jamaa wa Babu, nje ya msitu. Nyuma ya uga palikuwa na mtapo, mmea wa kale sana wenye majani kama ya mnazi mdogo na shina fupi lenye magamba. Mwenzetu aliupiga picha, akasema ni mzuri kwa bustani ya hoteli. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa akituletea maji, akasimama.

"Huo tuliula," akasema.

Alikuwa msichana mdogo, akatueleza, wakati wa njaa. Kwa watu wa umri wake Pemba, neno njaa peke yake lina tarehe: 1971 na 1972, serikali ya Mapinduzi ilipopunguza mno mchele kutoka nje, ikitaka watu wajitegemee kwa chakula, na kilichopatikana kikagawiwa kwa kipimo. Watu walirudi porini. Mtaalamu wa mila na mimea, Martin Walsh, ameandika makala nzima, iliyotoka mwaka 2009, juu ya mimea ya mwituni na ya shambani iliyoliwa Pemba nyakati za njaa.

Mtapo una sumu. Haukatwi na kupikwa tu. Bibi alitueleza kwa mikono: kukata, kuanika, kuroweka, kumwaga maji, kuroweka tena, kumwaga tena, kwa siku kadhaa, ndipo utwange. Alitaja jirani aliyekuwa na haraka kwa sababu watoto wake walikuwa wakilia. Hakumaliza habari ile, akaenda kuchukua bilauri.

Nilikuwa nimekuja kutafuta dawa, si chakula, na kwa kweli sikuwa na pa kuandika habari ya mtapo. Lakini katika siku nzima sikusikia kitu kilichonieleza dawa vizuri kuliko siku zile za kumwaga maji. Jina la mmea lilikuwa linajulikana na kila mtu. Waliosalimika ni wale waliokuwa na mtu wa kuwaambia, "Bado. Subiri. Mwaga tena."

Hapo ndipo nilipomweleza Babu habari ya mjomba wangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021, zile wiki ambazo Maalim Seif Sharif Hamad alilazwa, chama chake kikatangaza kwamba ana UVIKO-19, na tarehe 17 Februari akafariki. Pemba nzima ilikuwa na kilio na woga. Wakati huo nchi ilikuwa ikihimizwa kujifukiza, na simu zetu zilijaa maelekezo ya nyungu: mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, majani ya mpera, malimau, tangawizi. Mjomba alipoanza homa, mimi nikiwa chuoni, nilimtumia ujumbe mmoja niliouona una mpangilio mzuri, wenye vipimo na nyakati. Niliuchagua kwa sababu ulionekana wa kisomi. Walimfukiza siku nne, asubuhi na jioni, chini ya blanketi. Siku ya tatu alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Siku ya tano walimpeleka hospitali. Hakurudi.

Sijui kama angepona lau angepelekwa mapema. Hakuna anayejua. Najua tu kwamba majani yale yalikuwa ya kweli, na majina yake yalikuwa sahihi, na niliyetuma ni mimi.

Babu alisikiliza hadi mwisho. Hakunipa pole kwa haraka kama watu wanavyotoa.

"Aliyebanwa na pumzi," akasema, "miye humwambia mwanawe alete gari. Siku ile ile. Simtii jani mdomoni." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Ile karatasi yako ya kwenye simu ilisema lini uache?"

Haikusema.

*

Nimejaribu tangu siku ile kuangalia historia yetu ya karibuni kwa swali hilo la Babu. Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, Dar es Salaam, ambacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, Shirika la Afya Duniani na nchi wanachama walikubaliana kwamba waganga wa jadi wana nafasi yao katika afya ya msingi. Tanzania Bara ikatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, Zanzibar nayo ikatunga yake mwaka 2008. Haya si madogo. Yule aliyewekwa kwenye rafu ya uchawi alianza kupewa cheti.

Lakini maabara bado huanza na mmea, na ina sababu zake. Yapo yale maua ya waridi yenye petali tano yanayoota kwenye mchanga, hasa makaburini, ambayo watoto hapa huyachuma kwa kuchezea. Asili yake ni Madagascar. Mnamo miaka ya 1950 watafiti wa Canada, Robert Noble na Charles Beer, waliyachunguza majani yake kwa sababu huko Jamaica watu walikunywa chai yake kwa kisukari. Sukari haikushuka, lakini waliona chembe nyeupe za damu zinapungua, na kutokana na hapo ikapatikana vinblastine, dawa ya saratani inayotumika hadi leo. Watoto wenye saratani ya damu wanapona kwa sababu ya vincristine, ndugu yake kutoka mmea huo huo. Siwezi kusimama mbele ya hilo nikasema maabara imekosea kukata. Imekata, na imeokoa. Ila nakumbuka pia kwamba maabara, tofauti na ujumbe wangu wa simu, huandika kipimo, na madhara, na lini uache. Katika hili maabara na Babu wako upande mmoja. Aliyekuwa upande wa pili ni mimi na orodha yangu.

Mwingajini wenyewe ni ushahidi. Katika jimbo la Uttar Pradesh, India, watoto wa vijijini walikuwa wakifariki kila mwaka kwa ugonjwa wa ghafla wa ubongo na ini, na ulidhaniwa kuwa wa virusi. Katika miaka ya 2000 madaktari wa huko walionyesha kwamba watoto hao walikuwa wamekula mbegu za mmea huu huu, uliojiotea kando ya njia na majumbani. Kwingineko duniani mbegu hizo hukaangwa na kunywewa kama kahawa. Nilimpigia simu Babu kumweleza niliyosoma. "Eee," akasema, bila mshangao wowote. "Mbegu zake hatuwapi watoto." Nikamwuliza kwa nini hakutuambia siku ile pale Konde. Akajibu kwamba hatukumwuliza, tulimwambia jina.

*

Tulirudi Konde kwa miguu jioni, kwa njia ile ile. Babu alitaka sasa sisi tutangulie na yeye afuate nyuma, na kila mmea aliotuonyesha asubuhi tumwonyeshe. Ilionekana kazi rahisi. Mwarobaini, sawa. Mlonge, sawa. Mnyonyo, sawa. Mziwaziwa tuliukanyaga kabla ya kuuona, akatucheka. Tulipofika mahali gari zinapogeuzia, jua lilikuwa limeshazama na adhana ya magharibi inasikika. Tukasimama, tumechoka, tukijipongeza. Sita.

"Na wa saba?" akauliza.

Tukaangalia huku na huku. Lundo la makumbi lilikuwapo, mifuko ilikuwapo. Mmea wenye majani mapana yaliyokunjuka niliouandika asubuhi sikuuona. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Majani ya mwingajini hujikunja usiku unapoingia, mawili mawili, yakaning'inia kama viganja vilivyofungwa, na kichaka kizima hubadilika umbo. Nilikuwa naujua kwa saa moja tu ya siku.

Babu hakusema kitu. Alielekea msikitini, akatuacha tukiangalia.

Jedwali langu sasa lina safu saba. Nimeongeza saa, nimeongeza nani asipewe, na nimeongeza lini uache. Msimamizi wangu aliniambia kwamba safu hizo tatu zitabaki tupu kwa mimea mingi, na jedwali lenye mapengo halipendezi kwenye tasnifu. Ni kweli, ziko tupu nyingi. Nimeziacha hivyo hivyo. Chini ya jedwali nimeandika kwamba palipo tupu msomaji asijaze mwenyewe, akaulize.

Mwezi ujao narudi Konde. Babu amesema nije peke yangu, nije jioni, na daftari nisilifungue mpaka aniambie.